Mkufunzi anasema nikope, ninunue hisa za kampuni moja kama walivyofanya mabilionea

SWALI: Nina miaka 34. Kwa miaka sita nimekuwa nikiweka akiba katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na inakua polepole mno. Nimejiunga na mafunzo ya mtandaoni ambako mkufunzi anasema hakuna bilionea aliyetajirika kwa kutawanya fedha. Wote waliweka kila kitu mahali pamoja. Anatushauri tukope, tujumlishe na akiba, tununue hisa za kampuni moja. Anasema faida ya asilimia 10 kwa mwezi inafikika. Je, nizitoe fedha zangu kwenye mfuko?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usizitoe. Na mkopo huo usiusaini. Hatari ya kuweka mayai yote kwenye kapu moja unaijua, ndiyo maana umeuliza, kwa hiyo sitairudia. Nitashughulika na jambo ambalo mkufunzi wako amelipotosha, kwa sababu hakuna mwezi unaopita bila mtu kukaa mbele ya meza yangu akiwa amepotoshwa hivyohivyo.

Ni kweli kwamba utajiri mkubwa kabisa mara nyingi hutoka mahali pamoja. Ila mahali hapo ni kampuni ambayo mhusika aliianzisha au aliitawala mwenyewe. Chukua Bill Gates, mwanzilishi mwenza wa Microsoft. Mwaka 1980 kampuni ya kompyuta ya IBM ilihitaji mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kwa ajili ya kompyuta yake mpya. Microsoft ikaupata kwa kampuni nyingine, kwa jumla ya dola 75,000, ikaufanyia kazi, na mkataba wake na IBM ulikuwa na sharti moja zito: Microsoft ibaki na haki ya kuuza mfumo huohuo kwa watengenezaji wengine wa kompyuta. Utajiri wote ulikuwa ndani ya sharti hilo. Kampuni ilipoingia soko la hisa Machi 1986, Gates alikuwa akimiliki takriban asilimia 45. Hisa zile hakuzinunua sokoni kwa akiba ya mshahara.

Hapa ndipo watu wengi huachwa njia panda. Tuseme soko liko tayari kulipa mara 20 ya faida ya mwaka ya kampuni. Kila dola moja ya faida ambayo mwanzilishi anaiongeza inapandisha thamani ya kampuni kwa dola 20, na mwenye asilimia 45 anapata dola 9 kati ya hizo. Wewe unayenunua sokoni unalipia hizo mara 20 tangu siku ya kwanza. Yeye anauza matumaini ya kesho, wewe unayanunua. Hisa ni ileile, lakini biashara mnazofanya ni mbili tofauti, na anayekufundisha kwamba ni moja ama haelewi kazi yake au anakudanganya.

Sasa mkopo. Bei ya hisa za Amazon ilikuwa zaidi ya dola 100 Desemba 1999. Kufikia Septemba 2001 ilishuka chini ya dola 6. Jeff Bezos aliendelea kuongoza kampuni yake, akabaki na sehemu kubwa ya hisa zake. Aliyekuwa amenunua hisa hizo hizo kwa mkopo, kwa dhamana ya hisa zenyewe, angeambiwa aongeze dhamana, akishindwa ziuzwe kwa bei yoyote iliyopo. Angekuwa sahihi kuhusu kampuni, na bado angetoka mikono mitupu.

Mkufunzi wako atakujibu kwamba mwekezaji bilionea Warren Buffett naye alitumia fedha za watu. Alitumia, tena sana, na mimi ningependa kila anayemtaja aeleze alizitumiaje. Mwaka 1956 ndugu na marafiki saba walimkabidhi dola 105,000 azisimamie. Yeye aliweka dola 100, na malipo yake yalikuwa sehemu ya faida. Mwaka 1967 Berkshire Hathaway, kampuni aliyokuwa akiitawala, ikanunua kampuni ya bima, National Indemnity. Mteja wa bima hulipa leo, fidia hulipwa baadaye, na katikati hapo fedha zinakaa mikononi mwa kampuni ikiziwekeza. Mwishoni mwa 2023 fedha za aina hiyo ndani ya Berkshire zilizidi dola bilioni 160. Hakuna mteja wa bima anayepiga simu kudai fedha zake eti kwa sababu bei ya hisa imeshuka leo asubuhi. Aliyekukopesha kwa dhamana ya hisa atapiga.

Na kwa nguvu zote hizo, thamani ya hisa ya Berkshire imekua kwa wastani wa takriban asilimia 20 kwa mwaka tangu 1965. Kwa mwaka, si kwa mwezi.

Kuna kijana aliniletea jedwali alilouziwa kwenye mafunzo ya namna hiyo. Lilikuwa limechapishwa vizuri kwa rangi: dola 1,000, asilimia 10 kila mwezi, faida inarudishwa kwenye mtaji. Safu zilikoma mwezi wa 36, penye takriban dola 30,900. Nikamuuliza kwa nini limeishia hapo. Hakujua. Nikampa kikokotoo aendelee mwenyewe. Mwezi wa 120 alifika dola milioni 92 na ushee. Mwezi wa 180, yaani mwaka wa 15, akapata dola bilioni 28. Akafuta, akarudia hesabu kutoka mwanzo, ikaja ileile. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia alishauza pikipiki ili ajiunge.

Ndiyo maana suala hili linanichoma. Jedwali lile halikukatwa mwezi wa 36 kwa bahati mbaya. Aliyelichora alijua kwamba safu chache zaidi zingemfichua. Hawa watu wanachukua majina ya walioshinda, wanaacha walioanguka kwa njia ileile. Sijasikia hata mmoja akimtaja mfanyabiashara Eike Batista wa Brazil. Mwaka 2012 alihesabiwa kuwa na takriban dola bilioni 30, karibu zote katika kampuni zake zinazotegemeana, zenye madeni makubwa. Oktoba 2013 kampuni yake ya mafuta, OGX, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Naye alithubutu. Naye aliweka kila kitu mahali pamoja.

Anayekuuzia mafunzo ana biashara yake, nayo ni ada zenu. Mwombe vitu viwili: leseni ya kutoa ushauri wa uwekezaji, na taarifa za akaunti yake ya uwekezaji za miaka mitano zilizokaguliwa na mhasibu wa nje. Picha ya simu yenye namba za kijani si taarifa ya akaunti. Akikuambia hayo ni ya wanafunzi wa daraja la juu, usilipie daraja la juu.

Fedha zako ziache kwenye mfuko, ukague tu makato ya kila mwaka, kwa sababu hayo ndiyo yanayoweza kukupunguzia ukuaji pasipo wewe kujua. Kama kweli unataka njia waliyopita hao matajiri, nipe mpango wa biashara unayoifikiria: nani atalipa, kiasi gani, na wewe utamiliki asilimia ngapi. Huo niko tayari kuusoma ukurasa kwa ukurasa.