Fomu ya chuo ije baada ya masjala

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mtu aliye kazini na amevuka miaka 35, arudi chuo kikuu au aachie watoto wake?" Nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, kwa sababu marehemu baba mdogo angelishangaa. Yeye alimaliza kidato cha sita, akapita JKT, akapangiwa kazi Posta, na hakukanyaga Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mpaka alipokuwa na barua mbili mkononi: moja ya mwajiri, nyingine ya tawi la TANU. Ndivyo lilivyotaka Azimio la Musoma la mwaka 1974. Kwanza ukafanye kazi, watu wakuone, ndipo uende chuo kikuu. Masharti hayo yalikuja kulegezwa, lakini kuna miaka ambayo nchi hii ilimwuliza kijana aliyetoka shule moja kwa moja ana haraka ya nini. Leo anayeulizwa ni mama mwenye kitambulisho cha kazi shingoni.

Jibu langu ni kwamba arudi. Ila asianzie getini kwa chuo, aanzie masjala ya ofisi yake, yaani chumba cha majalada na barua.

Nilisomea uhazili, yaani kazi ya ukatibu, Tabora, wakati chuo kile bado kinaitwa Chuo cha Uhazili, nikafaulu mtihani wa hatua ya tatu na hatimkato, yaani mwandiko wa mkato wa kunasa maneno ya msemaji, ya maneno 80 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza. Kwa miaka 14 nilikaa nje ya mlango wa mkurugenzi wa halmashauri moja ya huku kusini, juu ya uwanda wa Makonde. Barua zote za watumishi zilipita vidoleni mwangu. Ile yenye kichwa "YAH: MAOMBI YA KUBADILISHIWA KADA", yaani ya mtumishi anayetaka kuhamia aina nyingine ya kazi, nimeichapa mpaka nikawa siangalii tena rasimu. Majibu yake nayo nilichapa mimi, na mengi yalikuwa ya kusikitisha.

Nakumbuka dereva mmoja, mtu mzima, mpole, aliyesoma shahada ya ualimu usiku kwa usiku bila kumwambia mtu. Alitaka kutushtukiza kwa furaha. Alipoleta cheti akaulizwa kibali cha mwajiri kiko wapi. Hakuwa nacho, maana hakuwahi kuomba likizo hata siku moja na hakuona kwa nini aombe ruhusa ya kusoma nyumbani kwake. Mpango wa mafunzo wa ofisi haukuwa na jina lake. Bado anaendesha.

Mwenzangu mwingine, karani, alisoma sheria. Shahada aliipata. Kisha akagundua kwamba kwenye muundo, yaani masharti ya kada, Afisa Sheria anatakiwa awe amepitia pia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na hiyo iko Dar es Salaam, na ni mwaka mzima. Yeye ana watoto wanne na mama mgonjwa. Shahada ameitundika sebuleni.

Wote wawili wana akili na walijituma. Walichokosa ni kufungua kijitabu kinachoitwa Muundo wa Maendeleo ya Utumishi. Kila kada serikalini ina wake. Humo ndimo mlimoandikwa anayeajiriwa awe na cheti gani, cha fani zipi, na apande vipi. Chuo kitakuuzia kozi yoyote uitakayo. Muundo ndio unaosema kozi hiyo ni ngazi au ni pambo. Na hata muundo ukikukubali, ipo ikama, yaani hesabu ya nafasi ambazo ofisi imeombewa na kukubaliwa kwa mwaka wa fedha. Kama haina nafasi ya kada unayoitaka, shahada yako itangoja kwenye jalada.

Sasa mtasema basi mama huyu aliyajua yote na hakukosea. Nilikosea. Fundi nguo huvaa kaptula iliyofumuka.

Mwaka 2012, nikiwa na miaka 38, nilijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hiki kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, na kwa watu kama sisi wa mikoa ya mbali ndicho kilichotufungulia njia, kwa kuwa kilikuja na vituo vya mikoani. Nilikuwa na kidato cha nne na vyeti vyangu vya uhazili, hivyo nikaanza na kozi ya maandalizi ya mwaka mmoja, tuliyoiita faundesheni, kisha nikaandikishwa shahada ya sosholojia. Kwa nini sosholojia? Kwa sababu kikundi chetu cha majadiliano kilichagua sosholojia. Alikuwamo askari magereza, muuguzi, walimu wawili na mimi, na tulikuwa na kitabu kimoja kimoja cha kupokezana. Sikufungua muundo wowote. Kichwani nilikuwa najiona Afisa Utumishi, nimekaa upande wa pili wa ile meza.

Kosa la pili lilikuwa la jina. Chuoni nilijiandikisha kwa jina la mume wangu, ndilo nililokuwa naitwa kila mahali. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba. Hakuna aliyelijali hilo mpaka ulipofika uhakiki wa vyeti. Mnakumbuka Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kabla na baada ya siku hiyo majalada yalipekuliwa kila ofisi, na mtu mwenye majina mawili alitazamwa kama mwizi. Cheti changu kilikuwa halali, lakini niliishi miezi minne roho mkononi, nikifuatilia hati ya kubadili jina mpaka ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Dada zangu mlioolewa, hili lichukueni hata kama mengine yote mtayasahau: jina la chuoni liwe lile lile la kidato cha nne, herufi kwa herufi. Ikiwa cheti kimeandika "Asha Saidi", usije na "Asha Said".

Nilihitimu mwaka 2019. Nilipeleka cheti kwa afisa utumishi nikiwa nimevaa kitenge kipya. Akasema, "Hongera sana dada yangu. Ila huku kwangu fani yako siiwezi, na kule inakokubalika ikama haina nafasi." Huko inakokubalika ni Maendeleo ya Jamii, maana muundo wao unataja Elimu ya Jamii, yaani sosholojia, kwa jina. Ilikuwa bahati tu, kama mtu aliyerusha jiwe gizani likaangukia embe. Nikarudi nje ya mlango wa mkurugenzi na shahada yangu, nikaendelea kuchapa barua za wenzangu. Nilingoja miaka mitatu. Kila mwezi wa maandalizi ya bajeti nilikuwa nachungulia jedwali la ikama kabla hata mkurugenzi hajaliona. Mwaka 2022 nikabadilishiwa kada.

Hapa kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. Ukihama kada unaanzia chini ya kada mpya. Mimi niliyekuwa Katibu Mahsusi daraja la kwanza nikawa Afisa Maendeleo ya Jamii daraja la pili, sawasawa na binti aliyeajiriwa mwaka ule, ambaye ni rika la mwanangu wa kwanza. Mshahara haukushuka, kwa kuwa wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa kuanzia, nikabaki nao kama mshahara binafsi. Lakini haukupanda pia. Kwa hiyo yule jirani aliyedhani nimerudi na magunia ya hela nilimwacha adhani.

Je, nilipoteza? Hesabu nilizipiga mwenyewe. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Kwa kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kilichoanza Julai 2022, pensheni inatazama wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho. Kwa hiyo anayesema "miaka 45, umeshachelewa" hajakaa na kalamu. Kwenye uhazili nilikuwa nimegota dari. Kwenye kada hii kuna madaraja mbele yangu, na nikipanda mawili kabla ya 60, ile miaka mitatu ya mwisho ndiyo itakayonilisha uzeeni. Aliyehitimu akiwa na 57 hesabu yake ni nyingine, na simshauri asome kwa ajili ya pensheni. Kama anasoma kwa ajili ya roho yake, asome.

Kazi yenyewe naipenda. Napanda bodaboda kwenda vijijini kuvipitia vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kinachonichekesha ni kwamba kitu kinachonisaidia kuliko shahada ni hatimkato. Akina mama wakianza kugombana kuhusu nani alichukua marejesho, mimi naandika kila neno, na mkutano ukiisha namsomea kila mtu alichosema. Vijana wenye simu za kurekodi hawajawahi kunishinda.

Nirudi kidogo kwenye usomaji, kwa kuwa wengi watauliza muda unatoka wapi. Mimi ulitoka saa kumi alfajiri. Usiku sikuweza, nikikaa tu nasinzia. Mitihani ilikuwa Mtwara, kwa hiyo nilikuwa napanda basi siku moja kabla na kulala kwa binamu, na likizo yangu ya mwaka yote iliishia kwenye chumba cha mtihani. Bodi ya Mikopo haikuwa ya kwangu: mshahara ninao. Ada ilitoka SACCOS, ikikatwa juu kwa juu, na kwenye korosho za mume wangu. Mwaka ambao korosho zilichelewa kulipwa nilisoma masomo mawili tu.

Na si kila mtu anahitaji njia hii ndefu. Mdogo wangu ni fundi magari Masasi, ameshika spana tangu akiwa na miaka 15. Alipotaka ajira ya kampuni aliambiwa alete cheti, naye akataka kuanza mafunzo upya na watoto. Nikamwambia aende VETA wamrasimishie ujuzi: wanakupima unachokijua tayari, wanakuonyesha mapungufu, ukifaulu unapewa cheti. Hakuacha gereji yake hata mwezi. Angenisikiliza mapema zaidi kama nisingekuwa dada yake.

Sasa ile nusu ya pili ya swali lenu, "au aachie watoto wake?" Iliniuma kidogo, nikiri. Mwaka 2015 binti yangu mkubwa alifaulu kwenda kidato cha tano, shule ya mbali, na orodha ya mahitaji ilikuwa kurasa mbili: godoro, sanduku, shuka za rangi fulani, jembe. Fedha ilikuwa moja. Nilikwenda kituo cha chuo nikaahirisha masomo, nikanunua godoro. Kwenye kikundi wakaniambia sitarudi, anayeahirisha harudi. Mwaka huo mmoja ndio niliowaachia. Uliofuata nilijiandikisha masomo manne badala ya sita, na kaka yake akavaa sare ya zamani mpaka korosho zilipouzwa.