Re: Saa ya GPS inarukaruka nikipiga kafi, ninunue kifaa kipya?

Dada, umeuliza kwa nini saa yako, ukiwa umesimama kwenye ubao wa kupiga kafi, inaonyesha kilomita 4 kwa saa, mara 9, na wewe unapiga vilevile. Usinunue chochote kwanza.

Ubao wenyewe huongeza kasi kafi linapovuta na kuipunguza unapolirudisha mbele, kwa hiyo kasi ya papo hapo haisomeki. Weka wastani wa sekunde 10, au muda wa kila mita 500. Halafu toa saa mkononi: mkono wa chini huzama, na maji hukata mawimbi ya satelaiti. Mimi naifunga kwenye kamba za mizigo mbele ya ubao, uso ukitazama juu. Rekodi iwe kila sekunde moja.

Kinachofunza hasa ni umbali kwa kila mpigo. Kilomita 8 kwa saa ni mita 133 kwa dakika. Kwa mipigo 40 kwa dakika unapata mita 3.3 kila mmoja. Ukifika 50 na kasi ni ileile, unachoka bure: kafi unalitoa majini likiwa limeshapita miguu yako. Litoe likifika usawa wa kifundo cha mguu.

Sisi wa Nairobi tunaoshuka Ziwa Naivasha, upepo wa mchana hudanganya sana. Pima kwenda na kurudi, uchukue wastani. Na tafadhali ongozana na mwenyeji anayejua viboko wanakolala. Ramani ya saa haiwaonyeshi.