Je, miale ya infraredi haiiui seli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma biolojia, mwaka wa pili. Nimeelezwa kwamba miale ya infraredi huonyesha kemia ya seli moja iliyo hai, bila kuitia rangi yoyote. Lakini miale hiyo si joto? Seli haifi? Na maji yaliyoizunguka hayaimezi miale yote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo zito, nalo limenila miaka.

La joto ni jepesi. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua miale hii mwaka 1800 kwa kipimajoto, na tangu hapo jina la miale hiyo halijaachana na joto. Katika kazi yetu mwanga ni hafifu. Nguvu yake haitoshi kuvunja molekuli, huitikisa tu, na kila aina ya molekuli hutikisika kwa namna yake: kwenye grafu ya mwanga uliomezwa, ambayo namba zake ni idadi ya mawimbi katika sentimita moja, mafuta huonekana karibu na 2850, fosfeti za DNA na RNA karibu na 1080 na 1240, protini karibu na 1650.

Sasa maji. Nayo humeza karibu na 1640, yaani mlangoni kabisa mwa protini. Tabaka la maji lenye unene wa maikromita 10 tu humeza zaidi ya asilimia 90 ya mwanga hapo. Ndiyo maana wengi huzikausha seli kwanza. Nami nilizikausha nikiwa mwanafunzi, nikapata grafu safi ajabu, mstari wa protini umesogea, nikakesha wiki tatu nikitafuta ugonjwa uliousogeza. Hapakuwa na ugonjwa. Seli kavu ya mviringo hutawanya mwanga, na mtawanyiko huo ndio uliousogeza mstari. Seli yenyewe ilikuwa imekufa zamani.

Kwa seli hai tunatumia vioo viwili vya kalsiamu floridi, katikati tukiacha nafasi ya maikromita 8 hivi. Kapovu kamoja ka hewa kakiingia, unafungua na kuanza upya. Unapima seli, kisha unapima maji yaliyo kandokando yake, unaitoa grafu ya maji kwenye grafu ya seli. Hapo wengi huteleza: seli imeyasukuma maji ikakaa mahali pake, kwa hiyo ukitoa maji yote unatoa kupita kiasi, na grafu inachimbika shimo palepale penye protini. Lazima utoe kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye mstari.

Taa ya kawaida ya maabara huchoka ukiibana kwenye tundu la maikromita 10. Sinkrotroni, yaani mtambo mkubwa unaozungusha elektroni kwa kasi hadi zitoe mwanga, hutoa mwanga mkali zaidi mara 100 hadi 1000, ndiyo maana tunapanga foleni kuipata. Hata hivyo, usitarajie kuona vizuri vilivyomo ndani ya kiini: wimbi la mwanga unaomezwa na protini lina urefu wa maikromita 6, nalo haliwezi kutenganisha vizuri vitu vidogo kuliko hapo, na seli nyingi hazizidi maikromita 20.

Ukipata nafasi ya maabara, siku ya kwanza usiweke seli. Pima maji matupu kati ya vioo, mara kumi, hadi grafu zote zilaliane.