Fundi wa Boti Anajibu: Boti kuukuu inalalia upande, nifunge trimu tabi?

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Niko Nungwi, napeleka wageni kisiwa cha Mnemba kuogelea. Boti yangu ni ya faiba, futi 24, nyuma ina upana wa futi 6, niliinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi. Mashine ya zamani tustroki nimeitoa nikafunga Yamaha 115 fostroki. Sasa nikiondoka na watu kumi pua inanyanyuka mpaka sioni mbele, inachelewa kupanda juu ya maji, na ikishapanda inalalia kushoto. Fundi mmoja kaniambia nifunge trimu tabi, mwingine kasema kwa boti kuukuu ni kutupa hela. Nimsikilize nani?

JIBU: Waalaykum salaam kaka. Wote wawili wana pointi, tatizo ni kwamba umewaeleza magonjwa mawili na wao wameyatia kapu moja.

Kwanza tuelewane hizi tabi zinafanya nini. Ni vibati viwili vya chuma kisichoshika kutu, kimoja kila upande wa tezi (nyuma ya boti), vinakaa usawa wa chini ya boti. Ukibonyeza swichi kibati kinashuka kidogo, maji yanayopita kwa kasi yanakisukuma juu, tezi inanyanyuka na omo (pua) inashuka. Bila kasi hamna kitu hapo. Kwaiyo kipimo cha kwanza ni cha bure: asubuhi bahari ikiwa shwari, boti ipo kwenye nanga na hamna mtu ndani, iangalie kwa nyuma. Kama imelala kushoto hata hapo ujue kuna uzito umekaa vibaya au kuna maji yamejificha ndani, na tabi haiyatoi.

Ikiwa iko sawa nangani ila inalalia kushoto ukiwa kwenye mwendo tu, hiyo inaeleweka. Mashine moja ambayo propela yake inazunguka kwenda kulia, boti lazima ijibu kwa kuinamia kushoto. Alafu boti yenye chini ya umbo la V inapenda kuulalia upepo, kwa sababu upepo ukikupiga ubavuni unakata usukani kidogo kuuelekea ili usisukumwe, na chombo kinainamia hukohuko. Ongeza na wageni ambao wote wanahamia upande mmoja kuangalia pomboo. Hili la kulala upande ndo ugonjwa ambao tabi inautibu kweli, maana trimu ya mashine yako (kule kuiinamisha ndani au nje) inanyanyua na kushusha pua tu, upande haiuwezi.

La pua kunyanyuka ni jingine, na hapa nakuomba usikimbilie kununua chochote. Fostroki ni nzito kuliko tustroki uliyotoa, na umeining'iniza palepale nyuma kabisa. Boti nyingi za umri huo zina povu chini ya sakafu, sakafu ikipata ufa maji yanaingia na hayatoki tena, na lita moja ya maji ya bahari ni zaidi ya kilo moja, kwaiyo lita 150 ni sawa na watu wazima wawili unaowabeba kila siku bila nauli. Toboa tundu dogo sakafuni karibu na tezi, vuta kipande cha povu ukiminye mkononi. Kikitoa maji, hela yako ya tabi imeshapata kazi nyingine. Tundu ulizibe vizuri baada ya hapo.

Povu likiwa kavu, hamisha uzito. Lita 100 za petroli ni kama kilo 75, madumu yasogee katikati, mitungi ya kuzamia na sanduku la barafu pia, na usiwaache wageni wote wajazane nyuma. Ukiondoka hakikisha mashine imeshushwa trimu yote kuelekea boti, ukishapanda ndo unaitoa nje taratibu. Alafu angalia mita ya mizunguko ukiwa umejaza watu na umevuta gesi mpaka mwisho. Ikiwa chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, propela ina pichi (mlalo wa mabawa yake, unapimwa kwa umbali ambao ingesogea mzunguko mmoja) kubwa mno, na kila inchi moja ya pichi ukipunguza unapata karibu mizunguko 200 zaidi kwa dakika. Boti za watalii zinabeba mzigo, hazikimbii mashindano, pichi ndogo ndo inawafaa.

Baada ya hapo kama bado inalala, funga tabi kwa roho safi, ila kagua kwanza ubao wa nyuma, ule ulio ndani ya faiba pale mashine inapofungwa. Ugonge wote kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima panalia kavu, palipooza panatoa sauti ya kufa. Ukipatilia shaka toboa kwa drili kutokea ndani, uone unga unaotoka. Mweupe mkavu sawa. Ukiwa wa kahawia na umelowa, ubao huo haufai kuongezewa hata skrubu moja, na mimi ningekuwa na wasiwasi hata na hiyo mashine iliyofungwa hapo.

Saizi? Kawaida ni inchi moja ya upana kwa kila futi ya urefu wa boti, kila upande, kwaiyo wewe inchi 24 za upana kwa 9 za kwenda nyuma. Nusu ya tezi yako ni inchi 36, acha 8 kutoka katikati ya mashine na 4 kutoka pembeni, inabaki 24 kamili. Matundu yote yazibwe kwa gundi ya baharini, silikoni ya bafuni usiikubali.

Na ujifunze kuzitumia, hili nalisisitiza kwa sababu ya abiria. Kipindi cha kusi (upepo wa kusini) asubuhi unakwenda Mnemba bahari iko usoni, shusha tabi kidogo omo ikate wimbi. Kurudi mawimbi yanakuja kwa nyuma, tabi zote juu, la sivyo omo inachimba wimbi la mbele, tezi inazungushwa na boti inaweza kupinduka. Swichi nayo inachanganya wengi: ya kulia inashusha kibati cha kushoto. Boti ikilala kushoto, bonyeza ya kulia.

SWALI: Fundi mi niko Tanga, tabi yangu moja haishuki, pampu naisikia inalia.

JIBU: Pampu ikilia umeme upo. Angalia mafuta kwenye kichupa chake, alafu kagua ule mpira mwembamba unaoelekea upande huo kama umepasuka. Ukikuta uzima, chungulia pistoni yenyewe, mara nyingi imegandwa na viumbe vya bahari kwa sababu boti inalazwa tabi zikiwa chini. Ukimaliza kazi zipandishe zote, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na zinki (kipande kinachofungwa kiliwe na kutu badala ya chuma) ikiliwa nusu badilisha.