Kumfundisha mtoto wa miaka mitano kuhusu taka za plastiki

Ndugu yangu, umeuliza umweleze vipi mwanao wa miaka mitano ubaya wa kutupa plastiki ovyo, ilhali neno "mazingira" bado ni zito kwake. Ushauri wangu ni kuanza na mikono yake. Chimbeni shimo dogo nyuma ya nyumba, mfukie ganda la ndizi pamoja na kizibo cha chupa ya maji, kisha mfukue baada ya miezi miwili. Binti yangu alipoona ganda limegeuka udongo mweusi, na kizibo kikiwa na rangi yake ileile ya bluu, aliniuliza mwenyewe, "Hiki kitaoza lini?" Swali hilo lilifanya kazi kuliko mawaidha yangu yote.

Mwonyeshe pia picha za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kupambwa kwa vipande vya ndala zilizookotwa, ambalo mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar.

Hata hivyo, naona kupunguza matumizi ya plastiki kunatangulia kurejeleza, yaani kuigeuza taka kuwa kitu kipya, kwa hiyo mpe kikapu chake kidogo cha ukili abebe mnapokwenda sokoni, na chupa ya kudumu ya kwenda nayo shuleni. Tafadhali msichome plastiki mbele yake wala nyuma yake, kwani moshi wake ni sumu. Chupa tupu zikusanyeni kwenye kiroba, na mnunuzi wa chupa akipita, mwache mtoto apokee malipo kwa mkono wake.