Dawa za kisukari wodini na baada ya kuruhusiwa: maswali yenu

Nimemeza metformini miaka sita. Nilipolazwa kwa homa ya mapafu waliisimamisha wakaanza kunichoma insulini. Ina maana sukari yangu imefikia pabaya?

Si lazima. Maambukizi huufanya mwili umwage homoni zinazopandisha sukari, na mgonjwa leo anakula, kesho hali. Insulini hupandishwa au kupunguzwa siku hiyohiyo. Kidonge hakina wepesi huo. Tena metformini hutolewa mwilini na figo. Figo zikilegea au oksijeni ikipungua, asidi ya laktiki huweza kurundikana kwenye damu. Wodini wengi hulengwa sukari ya 7.8 hadi 10 mmol/L, kwa hiyo usishtuke wasipohangaika kuifikisha 5. Uliza majibu ya HbA1c yako: hayo ndiyo yanayoonyesha hali ya miezi miwili mitatu kabla hujaugua, na wengi ambao ilikuwa nzuri hurudia vidonge vyao.

Nimeruhusiwa na insulini, ila nyumbani bado nina glibenklamidi. Nitumie vyote?

Usimeze hata kidonge kimoja cha glibenklamidi kabla hujauliza, leo hii. Hapa ndipo watu wanapoumia. Glibenklamidi hulikamua kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Ukiongeza na ya sindano, sukari inaweza kushuka usiku, ikapanda kidogo baada ya kunywa kitu kitamu, kisha ikashuka tena kesho yake, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu.

Siku ya kuruhusiwa, dawa zote za zamani ziwekwe kitandani, na mbele ya kila moja daktari au mfamasia aandike: endelea, acha, au subiri. "Subiri" isiyo na tarehe haina maana. Mfano, metformini iliyosimamishwa kwa sababu ya dawa ya kung'arisha picha ya CT kwa kawaida hurudishwa baada ya saa 48, kipimo cha damu cha kreatinini kikionyesha figo ziko salama. Soma pia jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Maboksi mawili ya rangi tofauti yanaweza kuwa dawa ileile, na tayari umekunywa dozi mara mbili.

Yuniti 10 ni mstari upi kwenye sirinji?

Kwanza linganisha maandishi: chupa ya U-100 (yaani yuniti 100 kwa kila mililita), sirinji ya U-100. Hapo yuniti 10 ni mililita 0.1. Ukivuta insulini ya U-100 kwa sirinji ya U-40 hadi mstari wa 10, umejichoma yuniti 25. Insulini ya mawingu iviringishe viganjani taratibu mpaka iwe nyeupe sawasawa kote. Ikibaki na vibonge, itupe.

Sukari ikishuka chini ya 4 nifanye nini?

Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari, vilivyojaa, kwenye maji. Kunywa, subiri dakika 15, pima. Bado iko chini? Rudia. Ikipanda, kula chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote: mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Anayetumia glibenklamidi apelekwe hata kama amezinduka.

Nina upasuaji wiki ijayo na ninatumia kidonge cha kisukari cha dapagliflozini.

Mwambie daktari wa upasuaji sasa, usingoje siku yenyewe. Kwa kawaida husimamishwa siku tatu kabla, kwa sababu ukifunga kula, ketoni (asidi zinazotokea mwili unapochoma mafuta) huweza kupanda huku mashine ikisoma sukari ya kawaida. Kichefuchefu, tumbo kuuma na kuhema haraka baada ya upasuaji: omba kupimwa ketoni. Usiirudie mpaka unakula vizuri na daktari ameridhia.

Natumia prednisoloni, dawa ya steroidi. Asubuhi nasoma 6, jioni 15. Mashine mbovu?

Mashine ni nzima. Prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari mchana hadi jioni, kisha nguvu yake hupungua usiku. Kipimo cha asubuhi peke yake kitakudanganya. Pima kabla ya chakula cha jioni. Na prednisoloni inapopunguzwa, insulini nayo ipunguzwe. Omba ratiba ya zote mbili kwenye karatasi moja.