Nenda Ng'ambo na Swali la Nyumbani

Vijana wa Mwanza wanaojiandaa kwenda kusoma mwaka mmoja nje ya nchi huniuliza kwanza habari za fedha na baridi. Wana haki ya kuuliza, ila baridi huzoeleka ukiwa na koti zuri, na mambo ya fedha humalizwa na mfadhili kabla ya safari. Mimi nimerudi Kirumba baada ya mwaka wa masomo ya biolojia katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, na ningependa kila anayeondoka aulizwe jambo jingine: unakwenda na swali gani la kwenu?

Mwaka huo ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Masomo ya Uholanzi huanza Septemba na kumalizika kati ya Juni na Julai. Mwaka mzima ni krediti 60, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa 28 za kazi, zikiwemo zile za kujisomea. Asiye na shabaha humezwa na ratiba hiyo, akafaulu vizuri kabisa, kisha akarudi bila jibu lolote kuhusu ziwa lililo mbele ya nyumba yao.

Swali langu lilitoka mwaloni. Wazee wanaouza samaki pale Mwaloni Kirumba husimulia jinsi furu, samaki wadogo wa aina nyingi wa Ziwa Victoria, walivyojaa nyavuni zamani, nami nilitaka kujua walikuwa wa aina zipi na walikula nini. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ametawala Ghuba ya Mwanza, huku aina nyingi za furu zikitoweka. Kumbe tangu 1977 watafiti wa Leiden, akiwemo Frans Witte, walikuwa wakiwachunguza furu papa hapa kwetu, na samaki waliowakusanya wamehifadhiwa katika makumbusho ya Naturalis, mjini Leiden, ndani ya chupa za spiriti. Niliomba kuwaona kupitia mhadhiri wangu, nikakubaliwa. Kusoma jina la ghuba yetu kwenye karatasi iliyomo ndani ya chupa, mbali hivyo na nyumbani, kulinifurahisha na kuniuma kwa pamoja, kwa kuwa naamini hakuna anayestahili kuwajua samaki hao kuliko kijana aliyekulia ufukweni mwa ziwa hili.

Tangu siku hiyo sikupata tabu kuchagua masomo. Furu hutofautishwa zaidi kwa meno na taya, maana aliyezoea kuvunja konokono hana taya sawa na anayekula wadudu au samaki wenzake. Basi nilichukua masomo ya mageuzi ya viumbe na ya maumbile ya samaki, nikaacha mengine yaliyosifiwa na wenzangu. Wahadhiri nao humsikiliza kwa makini zaidi mwanafunzi anayejua anachokitafuta, awe anatoka Mwanza au Amsterdam.

Kuna shughuli moja ya karatasi ambayo usiondoke bila kuikamilisha, nayo ni makubaliano ya masomo yenye saini yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea, yakieleza kila somo la kule litahesabiwa badala ya somo gani la huku. Uliza pia alama zitabadilishwaje. Uholanzi hutoa alama kuanzia 1 hadi 10, na 9 hupatikana kwa nadra sana, kwa hiyo 8 ni alama ya kujivunia. Lakini idara isiyolijua hilo inaweza kuiona ya kawaida. Chumba kitafute mapema, kwani vyumba vya wanafunzi ni haba.

Nusu ya pili ya mwaka itumie kuandaa marejeo yako. Mwandikie mtafiti wa huku, kwa mfano katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania hapa Mwanza, umweleze unachojifunza na uulize kina pengo gani unaloweza kuliziba. Omba mapema ruhusa ya kutumia picha na vipimo ulivyochukua makumbushoni, na uhakikishe imeandikwa, kwa sababu ukisharudi, barua ya kuomba kitu hicho hicho hujibiwa polepole, na huenda mhadhiri aliyekufahamu ameshahamia kazi nyingine.